Petroli Inavuja Saa Ngapi?

Julai Kasulu ni mwezi wa makoti. Alfajiri ukungu unashuka mpaka barabarani, na Impreza yangu ya miaka ya tisini, ile yenye tabo, ilikuwa ikiwashwa tu inajaza harufu ya petroli ndani. Ikifika saa nne, jua limepanda, harufu hakuna. Fundi wa kwanza alifungua boneti mchana, akapitisha kidole kila mahali, akakuta pakavu. Akaniambia nina pua kali.

Wa pili alikuwa mzee aliyeanza ufundi kwenye Land Rover za kabureta. Tulisalimiana, mwakeye, akazunguka gari bila kugusa spana. Kisha akauliza: “Kijana wangu, hili linavuja saa ngapi?”

Swali hilo lilituokolea siku nzima. Petroli hukauka upesi mno kukuachia dimbwi la kukuonyesha njia. Inayovuja injini ikiwa baridi ni tofauti na inayovuja gari likikimbizwa, na zote mbili si ile inayovuja baada tu ya kujaza tenki. Nami nilikuwa na mbili kati ya hizo. Gari nililiandaa kwa siku ya kukimbizana na saa kwenye uwanja wa vumbi uliofungwa, mahali ambapo tone dogo juu ya ekzosi ya tabo linatosha kukurudisha nyumbani kwa basi.

Tuanze na ya alfajiri. Kwenye injini hizi za Subaru za zamani, chini ya manifodi ya hewa, kuna vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha mabomba ya chuma ya petroli. Huvioni mpaka uchungulie kwa tochi. Mpira ukizeeka hukakamaa. Usiku wa baridi mpira unanywea kuliko chuma kilicho ndani yake, klipu inabaki imelegea, na ukiwasha gari pampu inasukuma petroli kupitia upenyo huo. Injini ikipata moto kila kitu kinatanuka, upenyo unajiziba. Ndiyo maana fundi wa mchana hakuona kitu. Hakudanganya, alichelewa.

Tulililaza gari gerejini. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kuwasha, mzee akapuliza poda ya mtoto kuzunguka viungo vyote. Nilikuwa nimemletea unga wa muhogo, akanifukuza: unga ukitimka hewani huwaka, poda ya talki haiwaki. Jiko la mkaa la mama wa chai nalo tuliliomba lisogee mbali, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini. Nikageuza ufunguo. Sekunde chache tu, poda upande wa kushoto ikawa na doa la kijivu lenye ukubwa wa kucha.

Hapo ndipo mzee mwenyewe alipokosea kidogo, na kosa lake linaeleweka. Alitaka kufunga mpira wa kawaida kwa waya. Kwenye kabureta inawezekana: Datsun 240Z zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 zilikuwa za kabureta, na pampu ya kabureta husukuma kama 3 hadi 5 tu kwa kipimo kilekile cha upepo wa tairi. Impreza ni ya nozeli. Bomba lake linabeba kama 43, zaidi ya tairi la gari dogo linalojazwa 30 na ushee. Tena regyuleta yake inafuata tabo: tabo ikisukuma 12, petroli nayo inapanda hadi 55. Kwa hiyo kiungo kinachostahimili gari likiunguruma gerejini kinaweza kupasuka mlimani ukikanyaga mafuta.

Tukaagiza mpira wa nozeli wa milimita 8, ukaja kwa basi, pamoja na klipu laini zisizo na matundu. Zile za bisibisi zenye meno hukata mpira, hasa ukikaza kwa hasira. Kabla ya kufungua tulitoa fyuzi ya pampu, tukaacha injini izime yenyewe ili shinikizo liishe, kisha tukatoa waya wa hasi wa betri. Mpira wa zamani mzee aliukunja kwa vidole viwili. Ukakatika kama muwa mkavu.

Uvujaji wa pili nisingeujua bila barabara ya Kibondo. Niliondoka tenki limejaa, na baada ya Makere kila kona ya kulia ilileta harufu, safari hii kutoka nyuma. Kona za kushoto, kimya. Tenki la Impreza limekaa kama tandiko la punda juu ya shafti, lina mabonde mawili, na pampu iko kwenye bonde moja. Ukikata kona ya kulia, petroli inakimbilia kushoto. Ikiwa harufu inafuata kona, usihangaike na boneti. Tulifungua kwa nyuma: sili ya kifuniko upande wa kushoto ilikuwa imepinda, na vumbi jekundu limeganda juu yake kama udongo wa kichuguu.

Sili ilichukua siku tisa kufika. Kwa kusubiri, mzee alisugua sabuni ya mawese pembezoni mwa kifuniko, dawa ya kale ya matenki huku Kigoma. Sabuni ya mche haiyeyuki kwenye petroli, na juu ya tenki hakuna shinikizo la kuitoa. Nikaambiwa nisizidishe nusu tenki wala nisilikimbize gari. Nilikwenda Kibondo na kurudi hivyo mara mbili, vioo vimeshushwa, pua imekaa macho kila kona ya kulia.