Barabara Haiharibiki Yenyewe

Kiswahili kina mlango mdogo wa nyuma ambao wanasiasa wa Turkana wanaupenda sana, na sisi wananchi tunaupita kila siku bila kushtuka. Tunasema "barabara imeharibika." Hatusemi "imeharibiwa," maana hapo mtu atauliza imeharibiwa na nani. Imeharibika tu, kama maziwa yanavyoharibika yakiachwa nje kwenye joto la Lodwar. Hakuna mtenda, hakuna tarehe, hakuna wa kupigiwa simu.

Kwenye kurasa hizi tunachambua vitabu na filamu. Leo naomba tuchambue maandishi ambayo watu wa Lodwar na Kakuma wanakutana nayo mara nyingi kuliko riwaya yoyote: bango la mradi wa barabara, jiwe la uzinduzi na hotuba ya mheshimiwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina nadharia ya kukuuzia. Lakini haya maandishi nimeyasoma sana, mengi nikiwa nyuma ya bodaboda, na yana mtindo wake.

Anza na bango. Linakupa jina la mradi, mfadhili, mwanakandarasi, mhandisi na idadi ya kilomita. Kwa kawaida limeandikwa Kiingereza, katika nchi ambayo wanaopita hapo wanaongea Kiturkana, Kiswahili, Kisomali, Kiarabu cha Juba na lugha nyingine kumi za kambini. Hilo peke yake linakuambia bango linaongea na nani. Haliongei na mama wa mkaa. Linaongea na mgeni atakayekuja na kamera. Sasa tafuta kilichokosekana. Bango halisemi nani ataitunza barabara mwanakandarasi akishafunga kambi yake, wala pesa za kuitunza zitatoka mfuko gani. Hadithi inaishia siku ya harusi.

Halafu kuna jiwe. Jiwe lina kitenzi kimoja tu: kuzinduliwa. Na hapa kuna kitu cha kuchekesha. Kumzindua mtu, kwa maana yake ya zamani, ni kumwamsha aliyelala au aliyezimia. Basi barabara zetu zinaamshwa kwa ngoma na mahema ya kukodi, halafu zinaachwa zilale tena. Angalia pia nani ana jina. Anayezindua anaandikwa jina kamili, cheo na tarehe. Anayezibua kalvati kabla ya mvua haandikwi popote. Mimi sijawahi kuona jiwe linalosema: hapa fulani aliziba ufa ukiwa bado mdogo.

Unaweza kusema haya ni maneno tu. Lakini Turkana imeshawahi kupoteza lami nzima kwa sababu ya sentensi isiyo na mtenda.

Lami ya kwanza ya kutuunganisha na Kitale ilijengwa kwa msaada wa Norway, ikakamilika miaka ya 1980. Ni Norway hiyo hiyo iliyojenga kiwanda cha samaki cha Kalokol, kile ambacho kila mwandishi anayekuja ziwani lazima akitaje. Oktoba 1990, serikali ya Moi ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway kwa sababu ya kesi ya uhaini ya Koigi wa Wamwere. Wanorway wakaondoka, barabara ikabaki. Kwa miongo miwili iliyofuata lami ile ililiwa kidogo kidogo, mpaka madereva wakaiacha na kuchonga njia zao pembeni, kwenye mchanga. Kule Kainuk kuelekea Lokichar, shimo lilikuwa zaidi ya usumbufu. Gari likipunguza mwendo, mwenye bunduki kichakani anapata nafasi yake. Watu walipigwa risasi mahali ambapo gari lisingepaswa kusimama. Ukiwauliza wazee, watakuambia barabara ile iliharibika.

Sasa tuna lami ya pili. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa barabara ya kuelekea Sudan Kusini, ile A1 inayotoka Lokichar, inapita Lodwar na Kakuma na kuendelea Lokichoggio. Wacha niseme ukweli: imebadilisha maisha. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Zamani hiyo ilikuwa safari ya kufunga leso puani na kuomba Mungu. Sasa gari likiwa zima unafika kwa saa mbili au chini. Mgonjwa anayetolewa Kakuma kupelekwa hospitali ya rufaa ya kaunti, Lodwar, anajua tofauti hiyo kwenye mwili wake. Kambi ya Kakuma ilianza 1992, na ukijumlisha Kalobeyei, watu karibu laki tatu wanakula kinachopita barabara hiyo.

Ndiyo maana mabango yananiogopesha. Yanatumia lugha ile ile ya lami ya kwanza.

Lami haifi kwa mshangao. Unaanza ufa mwembamba. Kalvati likiziba kwa mchanga, maji ya laga yanakosa njia, yanapanda juu na kuingia kwenye ufa. Chini, tabaka la kokoto linalainika. Lori linapita, lami inabonyea, kesho kuna shimo la sahani, mwezi ujao shimo la sufuria. Kuziba ufa ni kazi ya watu wachache na pipa la lami. Kujenga upya ni mkopo mwingine, bango lingine na jiwe lingine. Ukiwa mwanasiasa, ipi kati ya hizo mbili itakupa hotuba?

Tulipewa somo hili mbele ya taifa zima. Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua usafirishaji wa mafuta ghafi kwa malori kutoka upande wa Lokichar hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Wakazi waliyazuia malori wakidai usalama wao kwanza, na safari zikarudi Agosti. Mwisho wa 2019 mvua ilikuja. Maporomoko ya ardhi ya Novemba kule Pokot Magharibi yaliua makumi ya watu na madaraja yakasombwa. Malori ya mafuta yakasimama. Nchi ilikuwa imekata hesabu ya mapipa na magawio, asilimia ngapi ya kaunti, ngapi ya jamii, lakini kilichosimamisha kila kitu kilikuwa barabara.

Pesa za matengenezo zipo, na wewe unayesoma hii ukiwa Rongai unazilipa pia. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli ina shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara, kutoka 18. Mtu wa boda wa Kakuma anazilipa kila anapojaza tangi. Mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili ipate bilioni 175 za kulipa madeni ya wanakandarasi. Isome tena taratibu: pesa ya kutunza barabara inalipia barabara zilizozinduliwa zamani. Zilizobaki, wabunge na magavana wamezigombania hadi mahakamani, wakivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo. Na sehemu moja hugawanywa sawa kwa kila eneo bunge, kana kwamba Emuhaya, unayoweza kuizunguka kwa pikipiki asubuhi moja, ni sawa na Turkana Magharibi, yenye maelfu ya kilomita za mraba.

Hapo ndipo siasa ya mtaani inapopata kichaka. A1 ni ya mamlaka ya barabara kuu ya kitaifa. Za mashinani nyingine ziko chini ya mamlaka nyingine ya kitaifa, na mbunge ana sauti huko. Barabara za kaunti ni za gavana, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Lodwar ina manispaa yake. Ukilalamika kwa MCA, anakuambia hiyo si ya kaunti. Ukienda kwa mbunge, anakuambia waulize kaunti, wana mabilioni. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na shimo likabaki pale pale. Tangu 2013 tumekuwa na magavana wawili, Josphat Nanok na Jeremiah Lomorukai, lakini orodha ya ukutani inayosema barabara hii ni ya nani, ile ambayo mtu wa kawaida angeisoma akisubiri chai, mimi bado naitafuta.

Kisha greda inakuja. Si unajua msimu wake. Inakwangua vumbi, watoto wanaikimbilia, mheshimiwa anapigwa picha. Lakini kukwangua bila mitaro kunaishusha barabara chini kuliko ardhi ya pembeni. Baada ya miaka michache ya ukarimu huo, barabara inakuwa laga. Mvua ikinyesha milimani na Kawalase ikifurika Lodwar, au Tarach pale Kakuma, maji yanafuata njia tuliyoyachimbia wenyewe.

Najua jibu la wenye ofisi. Watasema Turkana ni kubwa, mchanga hauna msimamo, mafuriko yanashuka bila onyo, malori ya Sudan Kusini yanabeba kupita kiasi. Yote ni kweli. Lakini hayo yanajulikana. Mvua za masika huja Machi au Aprili, na Tarach haijawahi kuhama. Kitu kinachojulikana hivyo kinawekwa kwenye bajeti. Hakiwekwi kwenye salamu za rambirambi.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Tutaletewa hotuba nyingi, na nyingi zitakuwa na "tutajenga." Ombi langu kwa vijana wa Lodwar na Kakuma ni dogo, na ni la kisarufi. Mkipewa sentensi kuhusu barabara, idaini mtenda. Nani atazibua makalvati Februari, kabla ya mvua? Kwa pesa kutoka mfuko gani? Tutamwona wapi asipokuja? Asiyeweza kujibu hayo matatu hajatuahidi barabara. Ametuahidi uzinduzi.

Na sisi tuanze na mdomo wetu. Ukiliona shimo kesho pale mjini, usiseme imeharibika. Sema: kuna mtu hakuitunza. Halafu utafute jina lake.