Kusoma si kurudilia maneno: hadisi ya Mwindo katika kalasi ya Kiingereza

Mubi ni kituo kwenye barabara itokayo Walikale kwenda Lubutu na Kisangani. Watu wa mbali wanaijua kwa sababu ya kasiterite ya Bisie, ambayo wachimbaji waliitoa kwa nyundo na mitarimbo tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na ambayo kampuni ya Alphamin inaitoa kwa mashine tangu 2019. Ndiyo sababu vijana wengi wa sekondari wa huku wanatamani Kiingereza. Wanadhani kitawafungulia mlango wa kazi, nao hawakosei. Walakini yatupasa sisi tunaowafundisha kujiuliza: je, tunawapa lugha yenyewe, ama tunawapa sauti yake tu?

Kila mtu aliyepita katika masomo yetu anajua desturi ya somo la kusoma. Mwalimu anaandika habari ubaoni. Anaisoma yeye, kisha kalasi yote inarudilia. Wanaiandika katika kaye, halafu yanakuja maulizo: nani, wapi, lini. Majibu yanatoka vizuri, mwalimu anafurahi, kengele inalia.

Furaha hiyo inatudanganya. Sikieni mfano huu wa Kiswahili: «Bwana Ngoro alikifyuza kishobe mtoni.» Nani alikifyuza kishobe? Bwana Ngoro. Alikifyuzia wapi? Mtoni. Mumejibu yote sawasawa, na wala ninyi wala mimi hatujui kishobe ni kitu gani, kwa kuwa hakipo duniani. Mwanafunzi wetu anafanya vile vile kwa Kiingereza, mwaka hata mwaka. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo miaka 2 katika shule moja nisiyoitaja, nikigawa alama 8 juu ya 10. Siku moja nikamwomba kijana wa kwanza wa kalasi anieleze kwa Kiswahili habari aliyokwisha kuijibu bila kosa. Alinyamaza, akatazama chini. Aibu ile ilikuwa yangu, si yake.

Wengine wanasema ya kuwa shida ni vitabu. Ni kweli, vitabu ni haba; na vita vilipofika Walikale mwezi wa tatu 2025, watu wakakimbia, kitabu hakikuwa mzigo wa kwanza kubebwa. Lakini kama desturi ni kurudilia tu, hata vitabu mia haviponyi ugonjwa huu. Tena kiko kitabu kimoja cha Kiingereza ambacho asili yake ni kwetu Wanyanga na jirani zetu, nasi hatukitumii.

Mwaka 1956 Mnyanga mmoja, jina lake Candi Rureke, alimhadisia mtaalamu Mbeleji Daniel Biebuyck hadisi ya Mwindo muda wa siku 12, akiimba na kucheza, wenzake wakipiga kijiti na kuitikia. Kahombo Mateene, naye mwana wa Wanyanga, alishiriki kazi ya kuiandika na kuitafsiri. Kitabu kilitoka 1969 katika matbaa ya Chuo Kikuu cha California. Tangu hapo wanafunzi wa Marekani wanakisoma. Mtoto wa Mubi, ambaye babu yake labda aliisikia hadisi ile kando ya moto, anaandikiwa ubaoni habari ya theluji.

Sitakisifu kitabu hiki kupita kipimo. Kiingereza chake ni kizito. Kilitengenezwa kwa ajili ya wataalamu, na maelezo yake ni mengi. Wafasiri walitaka kufuata Kinyanga karibu sana, hata sentensi nyingine zinatembea kwa mguu wa Kinyanga. Mwalimu akikiweka kama kilivyo mbele ya wanaoanza, atawavunja moyo. Lakini tazameni jambo moja. Mwindo anazaliwa akishika mkononi conga, yaani usinga wa mkia wa mnyama. Wafasiri hawakupata neno la Kiingereza la kutosha. Wakaliacha conga, wakaliunga na neno la fimbo ya kifalme. Hapo msomaji wa Chicago anahitaji kuelezwa, na mwanafunzi wa Walikale anaweza kumweleza. Ni mara ngapi katika somo la Kiingereza mtoto wetu amekuwa ndiye mwenye kujua?

Basi nataja kazi 4 za kalasi. Hazitaki mali, zinataka chaki na mwalimu aliyejitayarisha.

Ya kwanza ni ya kabla ya kusoma. Wanafunzi waseme dakika 10, kwa Kinyanga ama kwa Kiswahili, kila waliyosikia juu ya Mwindo. Katika kalasi moja ya Mubi wanaweza kukaa Wanyanga, Wakano, Wakumu, Warega na Wahunde. Asiyemjua Mwindo alete shujaa wa kwao.

Ya pili: mwalimu mwenyewe aandike habari fupi, maneno 100 ama 120, kwa Kiingereza chepesi. Shemwindo, mfalme wa Tubondo, anakataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa. Baba anamrushia mkuki, anamzika, mwisho anamfungia katika ngoma, ngoma inatupwa mtoni. Hapo asimame. Wasome kimya, kisha kila mmoja aandike sentensi moja: ni nini kitafuata? Jibu hili haliwezi kunakiliwa, kwa kuwa haliko ubaoni.

Ya tatu ni kosa la makusudi. Kesho yake aandike tena habari ile ile, akigeuza mambo matatu. Kwa mfano aseme ngoma ilitupwa kwa amri ya shangazi Iyangura, kumbe Iyangura ndiye ambaye Mwindo anamwendea ili apokelewe. Anayesoma atapiga kelele. Anayerudilia atarudilia hata uwongo. Sijui zoezi jingine linalowatenga upesi hivi. Tena linamjibu yule asemaye kwamba anayeijua hadisi hana haja ya kusoma.

Ya nne ni ya kalasi za juu, nayo ni hukumu. Mwindo anamfuata baba yake hata kuzimu, anamrudisha Tubondo, na badala ya kumwua anapatana naye. Nchi inagawanywa kati ya baba na mwana. Je, ni haki? Kundi moja liseme upande wa baba, jingine upande wa mwana, na kila neno lionyeshwe mstari wake katika habari. Asiye na mstari akae chini.

Prefe ataniuliza: na programu je, na mtihani wa Serikali? Namjibu ya kuwa siku ya mtihani mtoto anapewa habari asiyoiona bado, na hakuna mtu wa kumtangulia kwa sauti. Na ndugu zangu wa kanisa wataniuliza kama ni vema kuwasomesha vijana hadisi yenye uganga na mizimu. Wandugu, sisi katika seminari tulisoma Vergilius pamoja na miungu yake yote, na sijasikia Padri aliyemtolea Jupiter sadaka ya ng'ombe.

Namalizia kwa jambo dogo. Siku ya hukumu ile, kijana mmoja aliyenyamaza muda wote aliandika sentensi mbili kwa Kiingereza kilichojaa makosa. Alisema ya kuwa kusamehe ni rahisi kwa Mwindo, kwa sababu amekwisha kushinda. Yeye anataka kujua kama aliyeshindwa naye anaweza kusamehe. Ulizo lile halikuwa ubaoni, wala katika kaye ya mwenzake. Nchi yetu yote inaliuliza. Nilisahihisha makosa yake kwa wino mwekundu, moja moja, kisha nikampa alama 8 juu ya 10. Mara hii zilikuwa za kweli.