Kinundu cha kromosomu ya tisa

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni kujua siku ya kuchuma. Ua dume la mhindi likichumwa mapema, ndani ya seli zake utaona nyuzi zilizotatizana tu. Likichumwa kwa kuchelewa, kromosomu zimekwisha kujikunja zikawa vijiti vifupi. Kati ya hapo kipo kipindi kifupi ambacho kromosomu ya baba na ya mama hulala sambamba, zimenyooka, na kila kinundu kinaonekana. Kipindi hicho ndicho mtafiti wa mahindi Barbara McClintock alichojifunza kukiwahi katika mashamba ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Kabla ya hapo mahindi yalikatwa vipande vyembamba mno, na kisu kikapita katikati ya kromosomu zenyewe. Yeye alishika njia ya kuponda: chavulio ndani ya tone la karmini na asidi, kioo chembamba juu, joto kidogo la moto, kisha mkandamizo. Moto ukizidi, kila kitu kinaharibika. Mkono ukiwa mzito, seli zinapasuka. Ukipatia, kromosomu zote kumi, kila moja na mwenziwe, zinatandazika zikahesabika. Mwaka 1929 alichapisha sura za kromosomu za mhindi, akizipa namba kuanzia ile ndefu kuliko zote hadi ile fupi kuliko zote. Alizitofautisha kwa urefu, kwa vinundu, na kwa kiuno kinachoitwa sentromia. Nakiri sichoki kuwazia jicho lililoweza hayo.

Katika jaribio walilochapisha mwaka 1931, yeye na mtafiti mwenzake Harriet Creighton walitaka kuona kama jeni zinapobadilishana nafasi, kromosomu zenyewe nazo hubadilishana vipande. Walichagua kromosomu ya tisa yenye alama mbili: kinundu ncha moja, na kipande kilichotoka kromosomu ya nane ncha ya pili. Ilibeba pia jeni ya rangi ya punje na jeni ya wanga wenye sura ya nta. Kromosomu mwenzake haikuwa na alama hata moja, na jeni zake zilikuwa za punje isiyo na rangi na wanga wa kawaida.

Wakachavusha kwa mkono, wakapanda, wakangoja mhindi uchanue ndipo wachungulie tena hadubini. Katika mimea iliyotoka kwenye punje zisizo na rangi lakini zenye wanga wa nta, kromosomu ya tisa ilionekana imekatwa na kuungwa upya: kinundu hakipo, kimeondoka pamoja na rangi, kipande cha kromosomu ya nane kipo, kimebaki pamoja na nta.