Sumu ya Mbugani, Vazi la Msituni

Vipepeo Danaus chrysippus na Papilio dardanus wote wanaruka Afrika Mashariki, na adui yao mkubwa ni ndege. Kila mmoja hujikinga kwa mbinu yake.

Danaus ni wa mahali pa wazi: mbugani, mashambani, kando ya barabara. Mbawa zake ni za rangi ya machungwa, ncha nyeusi zenye mabaka meupe. Kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe, ambao mara nyingi una sumu ya moyo. Sumu hiyo haimdhuru; huihifadhi mwilini hadi anapoota mbawa. Ndege akimla hutapika, na tangu hapo huiogopa rangi ile. Ndiyo sababu Danaus huruka taratibu: kuonekana ndiyo kinga yake. Hata akidonolewa, ngozi yake ngumu humwezesha kuponyoka.

Papilio ni wa msituni na kandokando yake. Kiwavi wake hula majani ya jamii ya mdimu, yasiyompa sumu hiyo. Dume, wa manjano hafifu na mweusi, mbawa zake zina mikia. Jike, sehemu kubwa ya bara la Afrika, hana mikia, naye huiga sura ya vipepeo wenye sumu. Majike wengine humwiga Danaus. Wengine humwiga Amauris niavius, mweusi kwa mweupe. Walitofautiana hata wakadhaniwa ni spishi mbalimbali, mpaka Roland Trimen alipoonyesha, katika miaka ya 1860, kuwa wote ni wake za dume yule yule.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, husema wahenga. Ya Papilio humsitiri, ila kwa masharti. La kwanza ni kwamba waigaji wasizidi. Danaus wakiongezeka, kila mmoja hupata nafuu, kwa kuwa gharama ya kumfunza ndege hugawanywa kwa wengi. Waigaji wakiongezeka, ndege huwaonja watamu mara kwa mara, na onyo hupoteza nguvu. Kwa hiyo majike wenye sura adimu husalimika zaidi, na hilo ndilo linalodumisha sura nyingi ndani ya spishi moja.

Sharti la pili ni kwamba mwenye sumu awepo jirani. Misitu ikifyekwa, Amauris akatoweka, jike aliyevaa sura yake hubaki na rangi isiyomtisha ndege yeyote, hata kama chakula cha viwavi wake bado kipo tele.