Jina la Mtangulizi: Uhakiki wa Muyaka na Wizi wa Maandishi

Mwanafunzi aandikaye tasnifu juu ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, hupokea tungo zilizopitia mikono mingi. Mwalimu Sikujua alisaidiana na mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya na kuzifafanua. William Hichens akachapisha diwani mwaka 1940. Na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chenye mashairi, tafsiri na maelezo ya historia.

Mwanafunzi hudhani kwamba akinukuu ubeti na kulitaja jina la Muyaka, amekwisha lipa deni. Kumbe maelezo yanayofuata, kwamba shairi fulani lahusu ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said, au kwamba neno fulani la Kimvita lina maana fulani, huyaandika kana kwamba yametoka kifuani mwake. Hubadili neno hapa, hugeuza sentensi pale. Maneno huenda yakawa yake. Hoja si yake, na huo ni wizi.

Madhara hayamfiki mwenye hoja peke yake. Yeyote kati ya wafasiri hao aweza kukosea. Msomaji akionyeshwa chanzo, aweza kukirudia na kukipima. Asipoonyeshwa, kosa la mtu mmoja huonekana limethibitishwa na watu kumi, ilhali wote wamenakili pahali pamoja.

Wako wadaio kwamba kutaja vyanzo ni desturi ya kigeni, kwa kuwa ushairi wa mapokeo ulikuwa mali ya wote. Dai hili halisimami. Watunzi wengi wa tenzi walitia majina yao katika beti za mwisho, nao wanazuoni wa pwani waliitaja silsila ya walimu waliowapokeza elimu.

Dawa yaanzia daftarini, wala si katika tanbihi. Kila kinachonakiliwa hapana budi kiandikwe pamoja na jina la kitabu na ukurasa, na maoni ya mwanafunzi mwenyewe yatengwe mbali. Faida ya kwanza ni yake. Akiisha kukiri kwamba Abdulaziz alifasiri hivi, ndipo apatapo nafasi ya kuonyesha kwamba ubeti wenyewe waelekea kwingine. Hapo ndipo uhakiki wake unapoanza.