Kind of Blue: kanda mbili, kasi mbili

Tarehe 2 Machi 1959, mpiga tarumbeta Miles Davis na wenzake waliingia studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, jijini New York, wakarekodi nyimbo tatu. Mashine mbili za kurekodia zilikuwa zikizunguka kwa pamoja, moja ikiwa na kanda mama na nyingine kanda ya akiba. Ile yenye kanda mama ilizunguka polepole kidogo kuliko ilivyopasa. Sasa, kanda iliyorekodiwa polepole, ukija kuicheza kwa kasi ya kawaida, inakimbia: wimbo unafupika na sauti zote zinapanda. Upande wa kwanza wote wa albamu ya Kind of Blue, wenye nyimbo hizo tatu, ukaingia sokoni Agosti 1959 ukiwa umepanda juu ya sauti yake halisi, na ukabaki hivyo hadi 1992. Walioumia zaidi ni wapiga ala waliojaribu kupiga sambamba na santuri ile. Walikaza nyuzi na kulegeza, kumbe ala zao hazikuwa na tatizo.

Nimeianza habari hii kwa kasoro kwa sababu inakata mzizi wa ubishi ambao wapenzi wa muziki hawauchoki: santuri, CD au simu, kipi kinatoa sauti bora? CD za miaka ya 1980 zilikuwa safi, hazina mikwaruzo, lakini zilitoa sauti iliyopanda vilevile, tena kwa uaminifu mkubwa. Ponya ilitoka kwenye ile kanda ya akiba, ambayo mashine yake ilikwenda kwa kasi sahihi. Columbia waliirudia walipotengeneza toleo la 1992. Kwa maoni yangu, ubora wa albamu huamuliwa chumbani na kwenye kanda. Kinachofuata baada ya hapo kinaweza kukupunguzia tu.

Na chumba chenyewe kilikuwa cha aina yake. Lilikuwa jengo la kanisa la zamani, dari likiwa juu kiasi cha mita 30, na Columbia walikuwa na busara ya kutolifunika kuta wala sakafu kwa vitu vya kunyonya sauti. Fundi mitambo, Fred Plaut, alirekodi nyimbo zote kwenye kanda ya njia tatu: kushoto, katikati na kulia. Basi. Hakukuwa na nafasi ya kurekodi ngoma leo na saksafoni kesho, halafu kuzipatanisha mwezi ujao. Watu walipiga pamoja, wakisikilizana, na uwiano kati yao ulitokana na wao wenyewe na mahali maikrofoni zilipowekwa. Tarumbeta ya Davis na besi ya Paul Chambers zipo katikati. Saksafoni ya Coltrane iko kushoto pamoja na piano, ya Cannonball Adderley iko kulia pamoja na ngoma za Jimmy Cobb. Mwangwi wa ziada uliongezwa kwa kupeleka sauti kwenye spika iliyokuwa katika chumba cha zege chini ya jengo, kisha kuinasa tena kwa maikrofoni. Ni hewa halisi inayotikisika, na ndiyo maana haichoshi sikio.

Sikiliza wimbo wa So What, dakika moja na nusu hivi tangu ianze, pale tarumbeta inapoingia peke yake. Cobb anapiga toazi kwa nguvu, na mlio wake unaning'inia, unasambaa, unafifia taratibu huku Davis ameshaanza kuzungumza. Sekunde hizo chache ni kipimo kizuri kuliko maneno yote ya kwenye boksi la spika. Toazi hutoa mawimbi mengi ya juu kwa wakati mmoja, yasiyo na mpangilio, na hapo ndipo kila chombo kinajulikana.

Kaseti, ambayo utepe wake hupita kwa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, huufunika mkia wa mlio ule kwa mvumo wake. Faili la MP3 la kilobiti 128 kwa sekunde limebeba chini ya sehemu moja ya kumi ya data ya CD, ambayo ni kilobiti 1,411. Programu hutupa inachokadiria kuwa sikio halitakisikia, na kwenye toazi makadirio hayo hukosea, mlio ukageuka kama maji yanayochuruzika. CD huupitisha wote. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde inafika hadi mwisho wa uwezo wa sikio la binadamu, kwa hiyo sioni haja ya mtu kukopa pesa ili apate zaidi ya hapo.

Santuri ina hesabu yake tofauti. Diski huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, lakini ukingoni sindano husafiri kiasi cha sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na katikati ni 21 tu. Mawimbi ya juu hubanwa, sindano hushindwa kuyafuata. Upande wa kwanza wa albamu hii una dakika karibu 25, ambazo ni nyingi, na hufungwa na Blue in Green. Upande wa pili hufungwa na Flamenco Sketches. Zote ni tulivu, hazina kishindo, kwa hiyo mwisho wa diski, unaoumiza albamu nyingi, haukuziumiza sana hizi.

Ukitaka kujua toleo ulilonalo ni la kanda ipi, fungua kinanda cha umeme kilichotuniwa vizuri, hata kile cha kwenye simu. So What imesimama juu ya Re kwa baa 16, inapanda nusu hatua hadi Mi bemoli kwa baa 8, kisha inarudi Re. Bonyeza Re ya chini wakati besi inajibizana na wapulizaji. Ikikaa sawa na besi, una kanda ya akiba. Kinanda kikionekana kimeshuka, una ile iliyouzwa kwa miaka 33. Halafu geuza upande wa pili ujaribu All Blues, iliyorekodiwa tarehe 22 Aprili 1959: hiyo itakaa sawa na kinanda katika matoleo yote mawili, kwa maana siku ile mashine ilikuwa imeshakaa sawa.