Mashimo ya E.T.: Mchezo Mbovu na Hukumu Yake

Kazi iliyopata sifa mbaya hubeba mizigo miwili: ila zake yenyewe, na ila inazotwishwa na watu wasioijua. Aghalabu mzigo wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza, kwa kuwa ila ya kazi ina mpaka, lakini uvumi hauna. Hali hiyo imeupata mchezo wa video uitwao E.T. the Extra-Terrestrial, uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwezi wa Desemba 1982 kwa ajili ya mashine ya Atari 2600. Kwa zaidi ya miaka arobaini jina lake limetajwa kuwa mfano wa ubovu, na wengi wanaolitaja hawajapata kuucheza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haki yadai kwamba katriji yake, yaani kijisanduku cha plastiki kilichobeba mchezo, ichomekwe tena katika mashine ya zamani na kuchezwa kabla ya kuhukumiwa.

Mchezo huo ulitokana na filamu ya Steven Spielberg ya mwaka ule ule. Mapatano ya kuutengeneza yalichelewa hata mwisho wa Julai, na kampuni ilitaka uwe madukani kabla ya Krismasi. Howard Scott Warshaw, aliyekuwa amekwisha kutunga Yars' Revenge, mchezo uliosifiwa sana, alipewa majuma matano, hali kazi ya namna hiyo ilihitaji miezi. Chombo chenyewe kilikuwa finyu. Mashine ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na katriji ilikuwa na kilobaiti 8, nafasi isiyozidi kurasa chache za kitabu.

Katika ufinyu huo Warshaw alitia wazo lisilo dogo. Kiumbe aliyeachwa duniani na wenzake hutafuta vipande vitatu vya simu, huwaita jamaa zake, kisha huwahi mahali pa kuchukuliwa. Hana silaha. Nguvu yake huhesabiwa kuanzia 9,999, na kila mwendo huipunguza. Mwanasayansi humkamata, mpelelezi humnyang'anya vipande, na kijana Elliott humhuisha nguvu zinapomwishia. Katika zama ambazo michezo mingi ilikuwa ya kupiga na kuua, huyu alikuwa shujaa mnyonge, ambaye ushindi wake ni kurudi kwao. Mwenye kusema kwamba mchezo huu haukufikiriwa hajausoma.

Ila yake kubwa imo mashimoni. Vipande vya simu vimefichwa humo, basi mchezaji hana budi kuingia; lakini huingia pia asipotaka. Ardhi imechorwa kana kwamba yatazamwa kutoka juu, na kiumbe amechorwa kana kwamba atazamwa kutoka ubavuni. Jicho huamini kwamba miguu ndiyo ikanyagayo. Mashine huhesabu vingine: nukta yoyote ya mwili ikigusa ukingo wa shimo, hata iwe ya kichwa, kiumbe huanguka. Hunyosha shingo, hupaa polepole hata juu, na mchezaji akikosea kidogo tu huanguka tena, huku nguvu ikipotea. Hivyo mchezo una sheria mbili, ya jicho na ya mashine, nazo hazipatani. Msomaji wa shairi huvumilia mizani migumu. Havumilii mizani inayogeuka katikati ya ubeti bila sababu. Mchezaji naye huvumilia adhabu kali, mradi aone kosa lake.

Kosa la namna hii ndilo ambalo majaribio yangelifichua. Miaka mingi baadaye mpenzi mmoja wa mchezo aliirekebisha programu ili kuanguka kusitokee kwa kugusa kwa kichwa, na wazo la asili likabaki lilivyokuwa. Kilichokosekana, basi, ni muda wa kusahihisha. Hata hivyo udhuru huo hauifuti ila. Mzazi aliyenunua katriji hakuuziwa majuma matano ya taabu ya mtungaji. Aliuziwa mchezo, na mtoto wake alianguka shimoni asijue kwa nini.

Lakini uvumi umeongeza yasiyokuwamo. Atari ilitengeneza katriji zipatazo milioni 4, na nyingi hazikununuliwa. Mwaka 1983 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 500, na mwezi wa Septemba ikafukia shehena ya bidhaa zake huko Alamogordo, New Mexico. Watu wakasema mchezo mmoja umeiangusha biashara nzima. Fukio hilo lilipochimbuliwa tarehe 26 Aprili 2014, E.T. ilikutwa pamoja na michezo mingine mingi, ikiwamo Centipede, iliyopendwa sana. Soko lilikuwa limejaa michezo kupita haja ya wanunuzi, na shimo lile halikuchimbwa kwa ajili ya kazi moja.

Hukumu iliyo ya haki, basi, ni hii: E.T. ni mchezo wenye wazo jema, uliovunja ahadi yake kwa mchezaji, nao walaumika kwa hilo. Kuuita mbovu kuliko yote ni kurudia maneno ya soko, na soko halikuwa na haja ya kutofautisha kosa la mtungaji na pupa ya mfanyabiashara. Mhakiki anayo haja hiyo.